Ubia Tulioigiza Murungu

Siku niliyogawa mizinga ya mjomba wangu nilikuwa naigiza. Nilisimama katikati ya ua kule Murungu, kadi ya manjano ikiwa mfukoni, watu kama arobaini wamekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, nikasema maneno ambayo siku ya kawaida nisingeyasema hata kwa kubembelezwa na mama yangu mzazi. Watu walipiga makofi. Nami nilifurahi, maana nilidhani wanashangilia uigizaji.

Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Mwalimu alikuwa akijaza ubao tangu kengele ya kwanza, sisi tukinakili, na kila nilipouliza kwa nini jambo liko hivi na si vile, niliambiwa nitajua nikifika sekondari. Sikuwa na subira ya kufika huko. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda kuona. Nimebeba chumvi Uvinza, nimechoma matofali Gwarama, nimeuza mitumba karibu na Makere, ambako Wakongo wa kambi ya wakimbizi walinifundisha Kifaransa cha kutosha kuuzia suruali. Mahali nilipokaa muda mrefu kuliko kote ni Kasulu, miaka miwili, nikipakia maharage kwenye malori. Huko ndiko nilikompata rafiki ninayemzungumzia hapa.

Tulikuwa tunashika gunia moja, yeye pembe hizi, mimi pembe zile. Ukishika gunia na mtu kwa miezi mingi, unajua atavuta pumzi lini. Tulilala chumba kimoja, godoro moja. Nilipougua tumbo alinibeba mgongoni hadi zahanati, akinitukana njia nzima: "Mwanangu, ukifa nakufuata hukohuko. Magunia ya wiki hii nimepakia peke yangu!" Nilicheka nikiwa nalia.

Baadaye yeye alitulia. Alifungua duka dogo Kasulu, akawa anauza asali kwenye chupa zenye karatasi iliyochorwa nyuki anayecheka. Mimi nikaendelea kuzurura mpaka mjomba aliponiita.

Mjomba hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mizinga kumi na nane ya magogo katika msitu ulio mwendo wa saa tatu kutoka kwake Murungu. Miezi yake ya mwisho alinitembeza mti kwa mti, akipumzika kila hatua ishirini, akinionyesha alama yake: mikato mitatu na nukta. "Nyuki hawamtaki mtu wa kuhamahama," aliniambia, na sikujua kama ananionya au ananitania. Alipofariki nilibaki pale na mkewe. Mama yule, maana ndivyo ninavyomwita, alinipa chumba cha uani. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, na ndipo kwa mara ya kwanza maishani nikanunua kitanda.

Rafiki alikuja kunitembelea kwa pikipiki yake. Baada ya kula ugali alisema lililomleta.

"Mwanangu, wewe una asali, mimi nina soko. Tuungane. Nionyeshe huo msitu."

"Asali nitakuuzia," nikamwambia. "Msitu hapana."

"Hapana kwa nini? Mimi ni mwizi?"

"Wewe ni ndugu yangu. Ila mjomba alimwonyesha mtu mmoja tu."

Alicheka, akanipiga begani, akasema nimeanza uzee kabla ya kuoa. Nikadhani yamekwisha.

Yalipotangazwa mafunzo ya uendeshaji wa biashara kwa warina asali na wachuuzi, siku kumi pale Kibondo mjini, yeye ndiye aliyenipigia simu nijiandikishe. "Tutakaa wote kama zamani," alisema. Nilikwenda nikitegemea ubao. Hakukuwa na ubao.

Mkufunzi alikuwa mama wa makamo kutoka Mbeya, mwalimu wa chuo kimoja Kasulu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi nyuma ya darasa. Tulimwita Madam. Alikuwa na kapu la ukili lililojaa kadi za manjano, na kila kadi ilikuwa na mtu ndani yake: meneja wa ghala, mteja mwenye hasira, karani mchelewaji, mshirika anayeficha jambo. Unatia mkono, unachota mtu, unakuwa yeye kwa robo saa. Kisha mnakaa mduara, naye anauliza: ulihisi nini? Uliamua hivyo kwa nini? Ungerudia, ungefanyaje?

Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimemngoja mwalimu wa kuniuliza kwa nini.

Sijui kama nitaweza kueleza vizuri jinsi jambo lile lilivyofanya kazi. Ukiambiwa kwamba meneja asimkaripie mfanyakazi mbele ya wateja, unaitikia na kusahau. Mimi nilichota kadi ya karani mchelewaji, na aliyekuwa meneja akanikaripia mbele ya ukumbi mzima. Nilijua tunacheza. Lakini masikio yalinichoma kweli, na mteja aliyefuata nilimpimia vibaya makusudi, ili meneja aaibike. Hakuna aliyenituma, kadi haikusema hivyo. Madam akasimamisha igizo. "Nani ameharibu biashara hapa?" Tulibishana hadi chai ikapoa, na mpaka leo sijaona kitabu kitakachonifundisha jambo lile kwa namna ile.

Kulikuwa na vichekesho pia. Siku moja nilikuwa mnunuzi mkubwa mwenye haraka, nimefungwa mtandio shingoni kama tai. Mama mmoja muuza udaga, muhogo mkavu wa kusagia unga, alitakiwa kujadiliana nami bei. Akaanza na salamu yetu ya Kiha, ameinama, anapiga makofi polepole: mwakeye, na nyumbani, na watoto, na mifugo, na mvua.

"Mama," Madam akamkatiza, "mnunuzi ana haraka. Gari linangoja."

"Basi liende," alijibu bila kunyanyuka. "Asiyesalimia atanipunja tu."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Madam alicheka hadi akafuta macho, kisha akaandika jambo kwenye daftari lake.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza. Igizo likiisha, unarudisha kadi kapuni na kusema kwa sauti, "Nimetoka." Alisema mtu asipotoka, hasira ya igizo humfuata nyumbani, akamgombeza mkewe kwa makosa ya mteja wa kadi. Tulimcheka, lakini tulitoka kila mara.

Jumatatu ya wiki ya mwisho alitangaza kwamba igizo la kufungia, la watu wawili wanaounda ubia, litafanyika kijijini, mbele ya wananchi, ili elimu isibaki ukumbini. Kijiji kitakuwa Murungu. Akapitisha kapu. Kwangu alilileta akiwa ameshika kadi mbili vidoleni, akanipa moja: "Wewe ni mrina asali. Una mizinga mingi lakini huna soko. Unatafuta mshirika wa kumwamini." Ya pili akampa rafiki yangu. Yeye akawa mnunuzi mwenye soko.

"Madam, hii si kadi," nikamwambia. "Hii ni picha yangu."

"Bahati ya kapu," akajibu.

Kabla hatujapanda gari kwenda Murungu alituambia: "Fanyeni kama mnavyofanya kwenu. Vitu halisi, maneno halisi."

Kwetu makubaliano makubwa hayafungwi kwa mdomo mkavu. Pombe ya ndizi huletwa kwenye kibuyu chenye mrija mmoja. Wanaokubaliana huvuta kwa zamu, kisha mashahidi nao huvuta mrija uleule. Baada ya hapo neno si la watu wawili tena. Limeingia matumboni mwa watu. Nilipokuta kibuyu kimewekwa uani kwa mke wa mjomba, mrija umeshachomekwa, nilimhusudu Madam. Niliona amefikiria kila kitu.

Rafiki aliingia kwa kuinama, akapiga makofi, akaamkia benchi moja baada ya jingine. Akazungumza kuhusu soko lake Kasulu, chupa zake, wateja wake. Aliigiza vizuri mno. Zamu yangu ilipofika, nilikumbuka kwamba siku mbili nyuma, kwenye mduara, wenzangu walinisema kwamba kila kadi ninayoshika huwa mtu mwenye ngumi iliyofumbwa. Nikataka kujaribu kiganja kilicho wazi. Nilitaka kujua mtu wa namna hiyo husikiaje.

"Ndugu yangu," nikasema, "tangu leo msitu wangu ni wako. Alama yako ikae kando ya alama ya mjomba. Ukitangulia, rina. Nikitangulia, nitarina."

Nikavuta mrija. Naye akavuta. Mama akavuta, mwenyekiti wa kitongoji akavuta, wazee wa benchi la mbele wakavuta. Mtu wa kiganja kilicho wazi husikia raha sana, hilo niliweke wazi. Kifua kilinijaa. Tukapigwa picha tumekumbatiana, na palepale mvua ikashuka kwa ghafla, watu wakakimbiza mabenchi, dereva akapiga honi akihofia utelezi, Madam akajifunika kichwa kwa daftari na kuruka garini. Kapu lilikuwa huko garini. Hakuna aliyesema "nimetoka". Kadi ilibaki mfukoni mwangu.

Msimu wa kurina ulipofika niliingia msituni asubuhi nikiwa na mabua ya kuwashia moshi na ndoo. Mti wa kwanza nilikuta majivu chini, na vipande vya masega vilivyojaa sisimizi. Wa pili hivyohivyo. Mizinga saba ilikuwa imerinwa, na kwenye shina la kila mti, kando ya mikato mitatu na nukta, palikuwa na duara jipya lililochongwa, bado linatoa utomvu. Nilikaa chini. Nilifikiria majambazi kwanza. Halafu nikakumbuka nilichosema kuhusu alama.

Nilipanda kilima chenye mtandao, nikampigia.

"Si tulikunywa, mwanangu?" alisema, kama mtu anayemkumbusha mwenzake siku ya soko.

"Tuliigiza!"

"Wewe uliigiza. Mimi nilikunywa."

Kikao kilikaa uani palepale. Mwenyekiti wa kitongoji ni kijana kuliko mimi, muuza vocha, na hakuwa na ubaya wowote nami. Alimsikiliza rafiki yangu, akanisikiliza mimi. Nikatoa kadi yangu ya manjano, ushahidi wangu pekee, nikampa aisome kwa sauti.

"'Wewe ni mrina asali,'" alisoma. "'Una mizinga mingi lakini huna soko. Unatafuta mshirika wa kumwamini.'" Akaigeuza nyuma, hakukuwa na kitu. "Sasa hapa uongo uko wapi? Wewe si mrina asali?"

Watu walicheka, nami uso ukawaka.

"Lilikuwa somo," nikasema. "Madam alitufundisha kwa michezo. Kila mtu alijua."

"Mimi sikujua," alisema mama. Hakuwa amecheka. "Ndizi nilivundika mimi, nikazikamua kwa nyasi kwa mikono hii, nikatia mtama, nikangoja. Kumbe pombe yangu ilikuwa ya michezo?"

"Mama, nilidhani Madam ndiye aliyekuagiza."

"Madam gani? Aliyeniagiza ni huyu mwenzako. Alikuja Alhamisi, akaniambia, mama, wiki ijayo mwanao na mimi tunaungana, tupikie. Nikafurahi. Nikasema sasa mtoto huyu atakaa. Na msimu ulipofika akaja tena, nikampa mtu wa kumfikisha ukingoni mwa msitu, alama akazitafuta mwenyewe. Si mshirika?"

Nilihesabu siku kwa vidole mbele za watu kama mtoto wa chekechea. Alhamisi alikuja kuagiza pombe. Kadi tuligawiwa Jumatatu iliyofuata. Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa anachokonoa udongo kwa ncha ya kiatu.

Mwenyekiti alisema kuna mtu mmoja anayeweza kulimaliza: aliyetufundisha. Aje, au aandike, kwamba lilikuwa igizo na mashahidi hawakuambiwa. Likiandikwa hilo, tumbo la kila mtu litakuwa jepesi. Kesho yake nilikuwa Kasulu.

Madam alinipokea kwa mikono miwili, akaniagizia chai na chapati. Ukutani ofisini kwake palikuwa na picha kubwa: mimi na rafiki yangu tumekumbatiana, kibuyu katikati. Chini yake pameandikwa: Kutoka igizo hadi biashara.

Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri, kama alivyosikiliza siku zote; hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi baadaye.

"Lakini huoni ni jambo zuri?" alisema. "Sisi tunafundisha watu waige, ili siku moja waache kuiga. Nyinyi mmefanya hivyo."

"Mimi sikuacha, Madam. Hukututoa."

"Mvua ilikuwa kubwa."

"Na kadi? Ile bahati ya kapu?"

"Mwenzako alikuja kuniomba wiki moja kabla. Alisema nyinyi ni kama ndugu, ila mnashindwa kuzungumza jambo hili uso kwa uso, na igizo litawasaidia. Nikaona ana hoja. Watu wengi husema ukweli wakiwa na kadi." Alisogeza kikombe. "Kuhusu barua, nielewe. Picha hiyo imeshakwenda kwenye ripoti. Wafadhili wameiona. Nikiandika leo kwamba ubia ule ulikuwa mchezo, watauliza na mengine yalikuwa nini."

"Kwa hiyo?"

Akainuka, akavuta kiti kingine karibu na changu, macho yakamng'aa kwa namna niliyoipenda kule Kibondo.

"Hebu tufanye hivi. Tuigize. Wewe uwe mwenzako, mimi niwe wewe. Uone anavyoliona yeye."

Niliacha chapati nusu. Nilitembea hadi mahali tulipokuwa tunapakia maharage. Vijana wapya walikuwa wameshika magunia wawili wawili, wakihesabu pamoja kabla ya kurusha. Niliwatazama muda mrefu kuliko ilivyostahili, mpaka mmoja akaniuliza kama natafuta kazi.

Bila barua ilibaki njia moja, na mwenyekiti alinieleza bila kunificha. Neno lililonywewa hufunguliwa kwa pombe nyingine, mbele ya watu walewale, na anayetaka kulifungua husema kwamba alipokunywa mdomo wake ulikuwa wa uongo. Hakuna kusema lilikuwa somo. Nikisema hivyo, mizinga inarudi kwangu yote. Ila nijue kwamba mtu aliyesema hivyo mara moja hapewi tena mrija. Nikinyamaza, nabaki mtu wa Murungu mwenye neno lake, na rafiki yangu anaendelea kutangulia msituni kila msimu, maana yeye ana wasaidizi na pikipiki na mimi nina miguu.

Nilifikiri siku nyingi. Mwishowe nilimwomba mama apike. Alipika siku zote zile bila kunisemesha, ila kuniambia nisogeze mtungi au nilete kuni.

Walikuja wote, na yeye pia, akiwa amevaa shati lilelile la siku ya igizo. Nikasimama mahali palepale.

"Siku ile nilikunywa kwa mdomo wa uongo," nikasema. "Neno langu halikuwa neno."

Benchi la mbele liliguna. Mwenyekiti akamgeukia rafiki yangu. "Wewe una la kusema?"

Nilijua kilichokuwa ndani ya swali lile, naye alijua. Sentensi moja ingetosha: nilijua anaigiza. Asingepoteza kitu, mizinga ilikuwa imeshamtoka. Nikamngoja kama nilivyokuwa nikimngoja avute pumzi kabla hatujanyanyua gunia.

"Sina," alisema. "Mdomo ni wake. Yeye ndiye anayeujua."

Mama alichomoa mrija kibuyuni, akauvunja mara mbili, akautupa jikoni kwenye moto. Rafiki yangu akawasha pikipiki. Asali ya mizinga saba alikuwa ameshaiuza. Kabla hajaondoka alinitazama, kisha akavaa helmeti.

Bado niko Murungu. Maduara yake niliyakwangua kwa panga, lakini gome halifichi, linaonyesha kovu pana kuliko alama yenyewe. Kadi ya manjano ninayo. Naitumia kuashiria ukurasa nilipofikia ninaposoma. Madam alinitumia ujumbe kuniuliza kama ningependa kuja kuwasimulia washiriki wapya. Sijajibu.

Msimu uliofuata nilirina mizinga yote kumi na nane. Sega la kwanza nilimpelekea mama, kama mjomba alivyokuwa akifanya. Alilipokea kwa mikono miwili, akatafuna polepole, akatema nta kiganjani, akasema ni tamu kuliko ya mwaka jana. Walikuwepo majirani watatu, na kibuyu kilikuwa kinazunguka. Kilipokaribia kwangu mama aliinuka, akaenda ndani, akarudi na kikombe cha plastiki cha bluu ambacho siku hizi hutundikwa kwenye msumari wake peke yake. Akanimiminia hadi juu, akanikabidhi kwa heshima zote, kisha akamsogezea jirani mrija.